Nzi Asiye na Mdomo

Wifi yangu ana jicho moja, na kwa hilo moja anaona mengi kuliko ninavyopenda. Akiingia chumba cha maziwa asubuhi, kabla hajatua ndoo, ameshaona chujio ambalo sikulisuuza sawasawa, ameshaona kwamba nimelala vibaya, ameshaona kwamba nimenuna. "Leo nani kakuudhi, au umeamka tu?" ataniuliza. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Yeye anazijua zinapokaa na anazichokoza makusudi, maana wifi usipomtania, utamtania nani?

Jicho la kushoto lilitobolewa na pembe ya mbuzi alipokuwa mtoto. Hulisimulia tukio hilo kana kwamba lilimpata jirani. Kaka yangu alimwoa akijua, na husema kwamba mwanamke mwenye macho mawili angemwona vizuri akamkimbia. Wifi hujibu kwamba hata hilo moja siku ile lilikuwa na mchanga. Wanapendana hao, hata ukiwa na roho mbaya huwezi kukataa.

Kaka ni fundi viatu, ana kibanda chake mtaa wa nyuma. Sisi wawili tunafanya kazi kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa pembeni mwa mji. Mimi nachuja, naosha madebe, nagombana na wanaochelewa kuyachukua. Yeye anakamua, na namna yake ya kukamua si ya kila mtu. Wakamuaji wengine huegemeza paji la uso tu ubavuni mwa ng'ombe. Yeye huweka shavu lote la kulia, na sikio, na shingo, na bega, anajibandika kwa mnyama, kisha anafumba jicho. Anasema ng'ombe hukusudia teke kwanza tumboni, kabla mguu haujainuka, na ukitega sikio utamsikia akikusudia. Ndiyo maana yeye peke yake anaweza kumkamua Kisirani, ng'ombe mwekundu aliyewahi kumvunja mchungaji mbavu. Jina hilo wifi ndiye aliyempa, na mtu akimuuliza amelitoa wapi, ananinyooshea kidole mimi.

Sasa nikueleze habari za huyo nzi.

Huja msimu wa joto. Ana manyoya kama nyuki, na sauti yake ni ndogo, ya kukuna sikio. Hang'ati. Hawezi kung'ata, kwa sababu akishakuwa nzi kamili hana mdomo. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba hali wala hanywi. Anaishi siku chache, anabandika mayai kwenye manyoya ya ng'ombe, hasa miguuni, basi anakufa. Ng'ombe hamhisi hata anapotua. Lakini mwangalie ng'ombe anapoisikia ile sauti. Mchana umetulia, wanakula, ghafla mmoja anainua kichwa. Mkia unasimama wima. Halafu wanakimbia wote, mboni zimegeuka, wanavunja uzio, mama anamwacha ndama wake, wanaingia bwawani na kusimama humo wakitetemeka mpaka jua lipoe. Ng'ombe haohao mbwa akiwabwekea wanamtazama tu huku wanatafuna.

Jambo hilo lilikuwa linanitisha tangu siku ya kwanza. Nilikuwa najiuliza nani aliwaambia. Ng'ombe aliyezaliwa mwaka jana, hajapata kumwona nzi huyo, atakimbia kama wenzake.

Wifi alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno. "Nzi hana mdomo," aliwaambia ng'ombe akiwatoa bwawani. "Mnamkimbilia nini? Hata kuwabusu hawezi." Siku moja nilimwona nzi mmoja ametulia shingoni mwake, pale nywele ndogondogo zinapoanzia, nikanyanyua mkono nimpige. "Mwache maskini," akasema, "ana siku chache." Nzi akaondoka kwa wakati wake mwenyewe.

Mayai yakianguliwa, mabuu madogo hupenya ngozi na kuanza safari ndani ya mnyama. Miezi na miezi wanatembea humo, wengine wakipitia kooni, wengine kandokando ya uti wa mgongo, na ng'ombe anakula, anazaa, anakamuliwa, hajui. Mwisho hufika mgongoni. Pale kila mmoja hutoboa ngozi tundu dogo ili apate hewa, na ngozi inavimba juu yake. Tundu hilo sisi tunaliita dirisha. Ukiingia bandani alfajiri ukainamisha taa juu ya mgongo wa ng'ombe, utayaona madirisha yamepangana pande mbili za uti, yana unyevu, na ukipitisha kidole karibu, chenye kuchungulia kinarudi ndani.

Kuwatoa ni kazi ya wifi. Hupaka mafuta mazito juu ya dirisha, buu akikosa hewa anapanda, naye anambinya kwa vidole viwili kutokea chini, taratibu, mpaka atoke mzima. Lazima awe mzima. Akipasukia ndani, ng'ombe anaweza kuvimba na kufa mbele yako. Na kuna sheria kubwa kuliko hiyo, ambayo kila mtu wa zizi anaijua: aliye safarini haguswi. Dawa hupigwa mapema, joto linapoisha tu, mabuu wangali wadogo. Ukichelewa, unasubiri mpaka wafike mgongoni. Ukiwaua wakiwa njiani, wataoza hukohuko walikofia, na huko ni pabaya.

Tuliliona hilo kwa macho yetu. Mwenye zizi alichelewa mwaka mmoja, akapiga dawa katikati ya baridi bila kumwuliza daktari. Kulikuwa na ng'ombe mweupe tuliyemwita Bibi Harusi. Asubuhi yake alitaka kusimama, miguu ya mbele ikakubali, ya nyuma ikakataa. Alijikokota hivyo bandani, nusu ng'ombe, akitutazama. Wifi alikaa naye chini, kichwa cha ng'ombe mapajani, mpaka mchinjaji alipokuja. Kaka alipoileta ngozi ile kibandani na kuinyanyua dirishani, haikuwa na tundu hata moja. Ngozi safi kabisa. Wifi alikataa isishonwe chochote, na kaka, ambaye hulalamika kila mwaka kwamba ngozi za mjini ni chekeche, aliikunja akaipeleka nyumbani, akaiweka juu ya kabati.

Basi baridi ilipoingia mwaka uliofuata, wifi alinijia chumba cha maziwa, akashusha gauni begani. "Shika hapa."

Kulikuwa na uvimbe mdogo, kiasi cha harage, chini ya ngozi. "Kisirani kakupiga," nikasema.

"Kisirani hajanipiga. Kisirani yuko hapa, anaosha madebe tu."

Nilimrushia kitambaa. Tukacheka, tukaendelea na kazi. Siku chache baadaye uvimbe haukuwepo, nikasahau. Kisha ukatokea juu kidogo, penye mfupa wa shingo, na pale begani palibaki mstari mwekundu mwembamba aliokuwa anaukuna. Ukapotea tena. Ukatokea shingoni. Safari hii nilipoweka kidole, kitu kiligeuka chini ya ngozi. Kiligeuka taratibu, kama mtu aliyeguswa usingizini. Niliutoa mkono wangu mbio na kuufuta kwenye aproni, na nikaona haya kwamba nimeufuta mbele yake.

"Umemsikia," wifi akasema. Hakuwa anauliza.

"Nani?"

"Unamjua. Yule wa ng'ombe."

Nilimwambia twende zahanati siku hiyohiyo. Akatikisa kichwa. "Yuko safarini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haguswi. Watanipa dawa, atafia njiani. Umesahau Bibi Harusi? Nitaamka asubuhi miguu ya nyuma haipo."

"Wifi, wewe una miguu miwili. Ya nyuma ni ipi?"

Alicheka, lakini jicho halikucheka. "Atafika mgongoni," akasema, "atafungua dirisha, utanipaka mafuta, utamtoa. Umeniona nikifanya hivyo mara ngapi? Hata wewe na hasira zako utaweza." Akanikataza nisimwambie kaka. Nilimwambia kaka siku hiyohiyo, mimi si sanduku. Kaka alimbembeleza, akambembeleza tena. Maji ya moto hayachomi nyumba, na kaka yangu ni maji ya moto.

Kilichonitia hofu zaidi ni Kisirani. Ng'ombe yule hakuwahi kumlamba mtu. Lakini alianza kumgeukia wifi wakati wa kukamuliwa, shingo ameipinda mpaka kamba inakaza, na kumlamba. Najua ng'ombe hupenda chumvi ya jasho, sihitaji kuambiwa. Lakini alikuwa analamba mahali pamoja tu. Akilamba chini ya sikio, basi jioni au kesho yake uvimbe utatokea chini ya sikio. Akilamba kwenye taya, utatokea kwenye taya. Sisi tulikuwa hatujui mdudu yuko wapi, ngozi imelala shwari, naye anajua. Wifi alikuwa anamwachia. Alifumba jicho, ulimi ule wa kukwaruza ukipita, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao mimi sikuupenda hata kidogo.

"Unaona anakokwenda?" nilimwambia. "Begani, shingoni, sikioni, tayani. Anapanda. Na upande huohuo wa kulia. Una jicho jingine la akiba? Akiingia humo utakamua nini, utamwona nani?"

"Naona anapanda," akasema. "Nimeshafikiria."

Sikujua alichofikiria mpaka kaka aliponiita kibandani kwake. Alikuwa ameshika kiatu na sindano, lakini hakuwa anashona. "Njoo nyumbani jioni," akasema. "Njoo umwone wifi yako. Mimi nimeshindwa kueleza."

Nilikwenda jioni, taa zinawashwa. Nilibisha hodi, wifi akaitikia karibu kwa sauti yake ya kila siku. Nikafungua mlango. Alikuwa mkekani, kwa magoti na mikono. Gauni lilikuwa limefunguliwa nyuma, mgongo wazi, umepakwa mafuta mazito ya bandani, unang'aa. Kichwa kilikuwa kimening'inia chini, nywele zimeangukia mbele. Alikuwa anatembea hivyo, mkono, goti, mkono, goti, kutoka kitandani mpaka kabatini, halafu anageuka.

"Kaa wifi," akasema bila kuinua kichwa. "Kuna chai kwenye chupa, jimiminie."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Juu ya kabati ile ngozi nyeupe ilikuwa imekunjwa palepale.

"Unafanya nini?"

"Nampa mgongo. Fikiri. Kwa ng'ombe, juu ni wapi? Ni mgongoni. Yeye anatafuta juu, hatafuti kingine. Mimi nimesimama wima, kwa hiyo kwangu juu ni kichwani, ndiyo maana anapanda huko. Kosa si lake." Alifika kabatini, akageuka. "Nikikaa hivi, juu ni mgongo. Atashuka shingoni mwenyewe, atafika. Na kulala nalala kifudifudi. Anaanza kuelewa."

Mbaya zaidi ni kwamba ilikuwa na akili. Nilitafuta mahali pa kumshika nisipaone. Kaka alikuwa mlangoni, na machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, kaka yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipomzika baba. Nikasema, "Inuka, wifi. Tafadhali inuka." Mimi na neno tafadhali hatujuani sana, naye alilisikia. Aliinuka, akajifunga gauni, akaninywesha chai kana kwamba mgonjwa ni mimi. Kaka aliniambia baadaye kwamba nilipoondoka tu alirudi mkekani.

Buu hakuelewa.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu, bandani. Mimi nimesimama mlangoni na debe, nangoja ndoo. Kisirani aligeuza shingo kama kawaida, akanusa shavu, akapita. Akanusa pua. Akasimama. Kisha akaanza kulamba nyusi ya wifi, ya kulia, juu ya jicho zima, polepole, akirudia na kurudia. Wifi aliacha kukamua. Mikono yake ilibaki kwenye chuchu, haivuti. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe.

"Wifi," nikasema.

"Nyamaza kidogo," akasema. "Nasikiliza."

Nilitua debe, nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, yote ya hasira, na yote yalikuwa hofu. Nilimwambia kwamba yeye si ng'ombe, kwamba nimechoka kumpisha funza mmoja kwenye ukoo wetu, kwamba kama anataka kuwa kipofu asimfanye kaka yangu fimbo yake. Alimaliza kukamua, akaniletea ndoo, na kope ilikuwa imeanza kuwa nzito.

Kesho yake ilikuwa imefunga kabisa. Jicho lake moja lilikuwa limemezwa na uvimbe, limekuwa mstari tu. Alikuja kazini hivyohivyo, akipapasa ukuta, kwa sababu njia anaijua kwa miguu. Nilimkuta amesimama katikati ya banda, ng'ombe wamemzunguka, hajui aelekee wapi. Alikuwa amenyoosha mikono mbele. Ng'ombe walikuwa wanasogea kumpisha, kimya, na wote walikuwa wamemgeuzia nyuso.

"Nani hapo?" akauliza.

"Mimi."

"Umenuna?"

"Ndiyo."

"Sikuoni," akasema. Akaigeukia sauti yangu. "Wifi, nishike mkono. Anatembea ndani. Nishike mkono twende."

Nilimshika. Tulikwenda zahanati na aproni zetu, na harufu zetu.

Zahanati walitupeleka hospitali, na daktari wa macho wa huko alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, pamoja na habari za Bibi Harusi, na hakucheka hata kwenye miguu ya nyuma. "Hofu yako ina maana kwa ng'ombe," alisema. "Ndani ya ng'ombe mdudu huyu anajua njia. Ndani ya mtu anapotea. Alipokuwa begani ningekupa dawa, akafa, nawe ukarudi kazini. Sasa yuko ndani ya kope, nyuma yake ni jicho lenyewe. Nitapasua leo. Sina hakika nitamkuta kabla hajageuka."

"Mtoe mzima," wifi akamwomba.

"Ndiyo nia yangu."

Nilikubaliwa kukaa karibu na kumshika mkono. Sikutaka kutazama na nilitazama. Daktari alikata kope mstari mdogo, akangoja. Alingoja sana, kibano kiko hewani. Kisha kitu cheupe kilijitokeza kwenye mstari, kikasita, na daktari akakivuta kwa subira, kama mtu anayetoa uzi kwenye nguo asiitatue. Alikiweka kwenye kisahani cha bati. Kilikuwa kidogo mno. Kwa hofu yote ile nilikuwa nangoja kitu cha kulingana nayo, kumbe kilizidi punje ya mchele kidogo tu.

Jicho lilifungwa bandeji. Wifi akalala pale katika giza lake, akauliza, "Yuko hai?"

"Yuko hai," daktari akasema.

"Wifi, nieleze. Anafanya nini?"

Nilitamani kumdanganya. "Anatembea," nikasema. "Anazungusha kichwa kama anatafuta kitu."

"Anaelekea wapi?"

Niliangalia kisahani. Nilikigeuza kidogo kwa kidole, nikangoja, nikaangalia tena. "Kwako," nikasema.

Daktari alimwagia dawa kwenye kisahani, akakifunika.

Siku za bandeji zilikuwa ndefu. Daktari alisema kuna uwezekano jicho limeguswa, tutajua likifunguliwa. Kaka alifunga kibanda akakaa naye, akimlisha kwa kijiko na kumsimulia mambo ya mtaani, hata ambayo hayakutokea. Mimi nilikuwa nakamua. Kisirani alinipiga teke kila siku na nilimshukuru, ilikuwa afadhali kuliko kulambwa. Usiku nilimwomba Mungu kwa maneno machache: amwachie hilo moja. Sikuomba na la pili, nisije nikaonekana mlafi.

Daktari alipofungua bandeji, tulikuwa watatu mbele ya kitanda. Kope ilikuwa na kovu, imekunjika kidogo. Ilitikisika, ikafunguka. Jicho lilizunguka chumba, likapita juu ya kaka, likarudi, likanifikia mimi. Likakaa.

"Leo nani kakuudhi," wifi akasema, "au umeamka tu?"

Nililia mbele za watu, na sijali.

Alirudi kazini. Alijibandika ubavuni mwa ng'ombe kama zamani, ila sasa alijifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Kisirani hakumlamba tena. Alimpa teke moja la kumkaribisha, na tukachukulia kwamba mambo yamekwisha. Mwaka ule dawa ilipigwa kwa wakati wake. Kaka alishusha ile ngozi nyeupe juu ya kabati, akamwuliza wifi, naye akasema sawa, ishonwe. Kaka akanishonea mimi viatu. Wifi hakuvitaka vyake.

Joto likarudi. Tulikuwa tunapeleka madebe kuyaanika kwenye uzio wa malishoni, mchana umetulia, hakuna upepo. Ng'ombe walikuwa karibu na bwawa, vichwa chini, wanakula. Kisirani alikuwa amelala, anacheua amefumba macho. Wifi alikuwa ananisimulia jinsi kaka alivyomshonea mteja viatu viwili vya mguu mmoja, na alikuwa hajafika penye kuchekesha, alipokatiza. Akainua kichwa.

Nilitazama alikokuwa anatazama. Sikuona kitu. Ng'ombe walikuwa wanakula.

Wifi aliangusha debe akakimbia. Alikimbia kuliko nilivyojua anaweza, gauni amelishika nyuma kwa mkono mmoja na kulinyanyua juu, hakupitia mlango wa uzio, alipita katikati ya waya. Alikatiza katikati ya ng'ombe. Ndipo Kisirani alipofumbua macho, akamwona, akasimama, na mkia wake ukanyanyuka. Halafu mwingine. Halafu wote wakamfuata.

Nilipofika bwawani alikuwa ndani, maji kiunoni, katikati yao. Walikuwa wamebanana naye ubavu kwa ubavu, wote wanatetemeka, maji yanatetemeka nao. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani.

"Wifi, toka huko," nikasema. Nilitaka kuifanya iwe utani. "Ni nzi tu. Hana mdomo."

"Najua," akasema. Jicho lake lilikuwa wazi kabisa na halikuwa linanitazama mimi. Lilikuwa linatazama kitu kilichokuwa juu ya bega langu. "Nimemwona vizuri."

Nilizitafuta hasira zangu pale zinapokaa, sikuzikuta. Kando ya sikio langu kitu kilipita, sauti ndogo, ya kukuna. Niliingia majini na viatu vyangu vipya.